Pazia, Kimya na Viatu Vyangu vya Kahawia

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa sebuleni. Mimi! Mtu niliyeongoza shule mpaka nikastaafu, niliyekuwa nikikohoa tu darasa zima linakaa, leo nimeombwa na mkwe wangu nihamie jikoni kila mjukuu atakapokuwa na "mazungumzo".

Habari yenyewe ni hii. Maktaba ya mtaa ina mpango wa kuwakutanisha vijana wa hapa na vijana wa ng'ambo kwa njia ya kompyuta. Kila mmoja anapewa mwenzake. Wanasimuliana maisha yao, na kila mmoja anajaribu kuyaona mambo kwa macho ya mwingine. Mjukuu wangu amepewa binti mwenzake wa rika lake, ambaye shuleni kwao wanasoma lugha yetu. Mazungumzo mawili ya kwanza ni ya majaribio. Wakielewana, wataendelea mwaka mzima. Wasipoelewana, watatenganishwa na nafasi atapewa mwingine.

Mjukuu anaitaka nafasi hii kuliko anavyosema. Tangu rafiki yake wa chanda na pete ahame mtaa, amebakiwa na maneno mawili tu humu ndani: ndiyo na hapana. Jana alicheka peke yake akifagia. Nilimsikia.

Ndiyo maana siwezi kumwachia jambo zito kama hili. Atasahau kusalimia. Atasema "poa". Heshima ya ukoo mzima imo ndani ya kompyuta moja, na mimi nimepangiwa ulinzi wa sufuria.

Mratibu wa mpango ni Kiroboto. Nilimfundisha. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa hakuweza kutulia kwenye dawati. Leo anavaa tai na kuratibu watu. Dunia haina mwenyewe.

Nimeshapata mbinu. Nusu ya sebule ni karakana ya mkwe: cherehani, majora ya vitambaa, na ile sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa. Katikati kuna pazia. Linafika mpaka chini. Au karibu na chini.

Jumanne, 4 Machi

Nilisimama nyuma ya pazia, bega kwa bega na sanamu. Mwenzangu huyo hana kichwa lakini ana adabu. Hakusukumana nami hata mara moja.

Mambo yalianza vizuri. Mjukuu alisalimia. Yule mwenzake, ambaye nimempa jina la Binti wa Ng'ambo, anaongea lugha yetu polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mara mbili alikanyaga pasipo na jiwe. Nilijing'ata ulimi nisimsahihishe.

Alisimulia habari za babu yake. Mzee alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake kupandisha na kushusha ishara ili treni zipite. Miguu ilipomchoka akahamia kwao. Sasa hukaa chumbani akitazama dirisha. Haongei. Mjukuu wake akimuuliza habari za treni, anatikisa kichwa tu.

Kisha Binti akanyamaza. Na mjukuu wangu naye akanyamaza.

Nikasubiri. Kimya. Hata pole hakuna! Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kumpa pole mtu aliyejikwaa! Nikafikiri kwa utulivu, kama kiongozi. Mjukuu wangu si mkosefu wa adabu. Kwa hiyo kosa si lake. Kwa hiyo intaneti imekatika.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Intaneti yetu inatoka kwa shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, mkunga mstaafu. Nyumba yake na yetu zinatazamana uani. Kile kisanduku, ambacho vijana wanakiita ruta, amekiweka juu ya friji na kukivisha kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Nikamvua bibi harusi, nikachomoa waya, nikasubiri kidogo, nikaurudisha. Chumbani nikamsikia shemeji akilalamika kwamba tamthilia yake imeganda pale pale kijana alipokuwa anaambiwa baba yake ni nani.

Nikarudi nimeridhika. Mjukuu alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi. Nikamuuliza mazungumzo yamekwendaje. Akasema hapana. Halikuwa jibu la swali langu, lakini nililielewa.

Jumatano, 5 Machi

Binti wa Ng'ambo hajibu. Mjukuu, ambaye hana simu na hutumia ya shemeji, alimwandikia asubuhi na mchana. Inaonekana kwamba ujumbe umesomwa. Jibu hakuna.

Nimeelezwa kwamba mazungumzo yale yana kanuni. Mmoja anasema. Mwingine anasikiliza: hajibu, hashauri, wala hasemi pole. Msemaji akinyamaza, msikilizaji naye ananyamaza, kwa sababu neno zito hupenda kutoka mwisho. Kisha msikilizaji anarudia alichosikia, mpaka msemaji akubali kwamba ndivyo. Mwishoni kila mmoja anasema: nimesikilizwa.

Nikamwambia mjukuu kwamba hayo si mazungumzo, ni adhabu.

"Babu, kile kimya ndiyo kazi yenyewe," akasema, macho mekundu. "Alikuwa anakaribia kuniambia kitu. Halafu nikakatika. Sasa anaona nimemkimbia."

Nikasema intaneti ya siku hizi haina malezi.

Jioni alikuja shemeji, akavuta kiti bila kukaribishwa. Akasema alikuta kitambaa cha friji kimekunjwa pembe nne, na kwamba katika mtaa huu mzima ni mtu mmoja tu anayekunja vitambaa pembe nne. Akauliza kama mtoto anajua. Nikamwomba apunguze sauti.

Masharti yake ni haya: atanitunzia siri, ila kila asubuhi mimi ndiye nimwamkie. Yaani shikamoo. Mimi kwake! Mtu ambaye nilipokuja kumposa dada yake alikuwa bado anaruka kamba! Nikamwambia sitafanya hivyo hata kwa mtutu wa bunduki. Akageuza uso kuelekea chumbani kwa mjukuu na kufungua mdomo.

Tumeafikiana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwamkia. Niliisema kwa kunong'ona, uani. Akasema hajasikia vizuri, masikio ya uzee. Nikarudia. Akaitikia marahaba ndefu kama treni ya mizigo, huku jirani yuko dirishani na mswaki mdomoni. Mswaki ukasimama.

Baada ya hapo nilikwenda maktaba kumwona Kiroboto. Nilivaa suti ya ukaguzi. Nikamwambia kwamba kilichotokea ni hitilafu, kwamba mjukuu wangu hana hatia, na kwamba anapaswa kurejeshewa nafasi yake mara moja.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakujikuna. Kisha akasema, "Nikisikia vizuri, Mwalimu, una wasiwasi kwamba mjukuu wako ataumia."

Sikusema hivyo. Nilisema hitilafu. Nikamweleza tena, kwa sauti ya gwaride. Akasema kwamba, akisikia vizuri, ninajiona nina mkono katika jambo hili. Nikasimama. Nilimfundisha kusoma, leo ananisoma! Alinisindikiza mlangoni na kunieleza kwa heshima kwamba uamuzi si wake. Binti wa Ng'ambo asipokubali mazungumzo ya Jumapili, wawili hao watatenganishwa. Amesikitika, kwa sababu hajaona jozi iliyoanza vizuri kama ile.

Njiani nikapata mbinu ya pili. Kama kijana hajibiwi, basi azungumze mkuu wa kaya.

Nikaazima simu ya shemeji. (Alidai shikamoo ya ziada. Nikalipa.) Akanionyesha alama ya kipaza sauti ya kutuma ujumbe wa sauti, akaniacha na kazi yangu. Nikabonyeza. Kidole kikateleza juu, pakatokea picha ya kufuli. Nikafurahi: ujumbe umefungwa, uko salama.

Nilizungumza vizuri. Nilijitambulisha, nikaeleza kwamba mkatiko wa Jumanne ulitokana na hitilafu ya mitambo iliyo nje ya uwezo wa uongozi, nikasisitiza umuhimu wa nidhamu, nikawatakia wote wa huko afya njema. Nikaiweka simu mezani.

Baadaye nikanywa chai. Birika limeanza tena kutema maji pembeni, nikalikaripia. Kisha nikakaa kukiangalia kile kiti cha marehemu mke wangu na kumweleza habari za siku, kama kawaida. Kwake sijapata kuficha kitu. Nilimwambia ni mimi niliyechomoa waya, na mtoto hajui. Nilimwambia habari za shikamoo. Najua angecheka mpaka ashike mbavu. Nilimwambia pia kwamba mchana katika nyumba hii kila mtu ana cherehani yake: mkwe ana ile ya sindano, mjukuu ana vitabu, mwanetu yuko barabarani na lori lake. Mimi ndiye sina changu cha kuzungusha.

Shemeji akaja kuchukua simu. Akatazama kioo chake. Akanitazama. Akabonyeza kitu, akaondoka bila kunitania. Si kawaida yake. Labda anaumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu.

Kufuli lile halifungi ujumbe. Linaufungulia mlango! Simu iliendelea kunasa kila kitu: birika, kiti, waya, shikamoo. Shemeji aliona, akautuma. Kwa makusudi. Nimemwambia huu ni usaliti. Akasema katika kazi yake alijifunza kwamba kitu kikishafika mlangoni hakisukumwi kurudi ndani.

Na Binti wa Ng'ambo amejibu.

Mjukuu aliicheza sauti yake sebuleni mbele ya wote. Mkwe alisimamisha cherehani. Binti alianza kwa kucheka. Alicheka hata maneno yakampotea, akarudi nyuma kuyatafuta. Akasema sasa ameelewa kwamba hakukimbiwa. Akasema babu yake aliisikia sauti yangu kutoka chumbani, akatoka kwa mara ya kwanza bila kuitwa, akauliza yule bwana anagombana na nani. Binti akamfasiria. Mzee akataka kuisikia tena. Na akataka kujua birika ni la aina gani.

Jumapili watakuwepo, wote wawili. Wameomba nami niwepo.

Kisha mjukuu akanigeukia. Nilikuwa nimeandaa utetezi wenye sehemu tatu. Hakunipa nafasi.

"Nikisikia vizuri, babu, wewe ndiye uliyechomoa waya."

Nikaanza kueleza mazingira ya tukio. Akarudia vile vile, polepole. Nikaeleza kwamba mitambo ya kisasa ina udhaifu wake. Akarudia. Kanuni yao hiyo ni katili. Mwishowe nikasema ndiyo.

Nilidhani atalia. Alikaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa na kucheka, huku akigonga zulia kwa kiganja. Mkwe naye, eti alikuwa anatafuta pini chini ya meza. Pini gani ya kumfanya mtu atetemeke mabega?

Jambo moja sijalisema, na halikuwemo katika ujumbe: pazia. Mtu hakiri yote siku moja.

Jumapili, 9 Machi

Suti. Tai imefungwa na mkwe, aliyeniambia nisiongee kupita kiasi. Nikamjibu kwamba nimeandika hoja chache tu. Shemeji alipita mbele ya kamera kwa bahati mbaya mara tatu, katika gauni jipya.

Mzee wa Reli ana masikio makubwa na kofia ya kazini ambayo nadhani huilalia. Tulitazamana kama majogoo wa nyumba mbili. Wasichana wakasema sisi tuanze, wao watafasiri.

Nilizungumza kwanza. Nidhamu, hoja ya kwanza. Kengele, hoja ya pili: jinsi nilivyokuwa nikiigonga mwenyewe asubuhi, watoto wakikimbia kutoka kila kona ya uwanja kama maji yanayotafuta bonde. Jinsi ilivyokuwa siku ya mwisho. Walinipa saa ya ukutani, nikaenda nayo nyumbani, nikaining'iniza, na asubuhi nikaamka kwa wakati ule ule, nikavaa, nikafika mlangoni. Hapo niligundua kwamba nimetoka nje ya hoja. Nikanyamaza.

Mzee naye akanyamaza. Nikaitazama alama ya intaneti kwenye kompyuta. Mjukuu akanishika mkono, akaukandamiza mezani. Kwa upole, lakini aliukandamiza.

Msikilizaji hodari sana, yule mzee. Hakunikatiza hata kidogo. Nilikuwa nikiwaza kumsifu kwa hilo alipofungua mdomo na kusema neno fupi kwa lugha yake. Binti wa Ng'ambo akamtazama babu yake kwanza, kisha akatufasiria.

"Anasema, umesema kwamba hakuna anayekusubiri asubuhi."

Nikasema hapana. Nilizungumzia nidhamu. Mzee akasikiliza tafsiri, akatikisa kichwa, akarudia maneno yale yale bila kubadilisha hata moja. Nikamtazama mkwe. Alikuwa anatazama uzi. Nikamtazama shemeji mlangoni, katika gauni lake jipya. Hakuwa na utani usoni.

Nikasema ndiyo. Ndivyo nilivyosema.

Vitambaa vya mkwe vina vumbi. Nilishamwambia afungue dirisha.

Ikawa zamu ya Mzee. Alizungumza kwa muda mrefu zaidi yangu. Binti hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. Alikuwa anafasiri huku machozi yanamtoka na hayafuti. Ishara, vyuma, baridi ya alfajiri, taa nyekundu, taa ya kijani. Niliingilia mara chache tu kuuliza tarehe. Mjukuu akaniwekea kitambaa cha mkono mdomoni. Mzee akamaliza. Kimya kikaja. Nakiri kilinisumbua kama upele, lakini nilikaa nacho.

Nikarudia nilichosikia, kwa mpangilio mzuri, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee akasema hapana. Nikarudia kwa ukamilifu zaidi. Hapana. Nikaweka hoja zangu chini. Nikakumbuka mlango wa nyumba yangu asubuhi ile, na suti mwilini.

"Umesema treni zinapita bila kukuuliza," nikasema.

Mzee akavua kofia.

Wasichana walimaliza wenyewe. Binti akasema lile neno alilokuwa nalo tangu Jumanne: alikuwa akiogopa kwamba babu yake amenyamaza kwa sababu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyechukua chumba kizuri cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Mjukuu wangu hakusema pole. Alisubiri. Akarudia. Kisha naye akasimulia habari za rafiki yake aliyehama, mambo ambayo sisi tunaoishi naye hatujapata kuyasikia. Mwishoni kila mmoja akasema: nimesikilizwa. Kiroboto, aliyekuwa akifuatilia kutoka maktaba, akatangaza kwamba wataendelea mwaka mzima. Alisema kwa sauti iliyokwaruza. Mafua, bila shaka.

Kabla ya kuagana, Binti akauliza swali moja la utamaduni. Jumanne aliona viatu chini ya pazia, na mjukuu alikuwa amemwambia kwamba nyuma yake kuna sanamu ya nguo tu. Alitaka kujua kama huku kwetu sanamu huvalishwa viatu vya kahawia.

Macho yote ndani ya sebule yakashuka mpaka miguuni kwangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yametulia. Mjukuu anaongea mezani mpaka anaambiwa ale kwanza. Mzee wa Reli ameomba tuwe tunaongea kila Jumamosi, na ametuma picha ya birika lake, ambalo nalo linatema maji pembeni. Nimeshamwandalia ratiba na hoja. Anasikiliza vizuri, nitamfikisha mbali.

Leo wasichana walikuwa na mazungumzo yao, wao wawili tu. Mkwe alinielekeza jikoni. Nikaenda bila ubishi. Alishangaa. Akasema, hata babu anaweza kubadilika.

Ni kweli, mtu lazima ajifunze kutokana na makosa. Kosa langu lilikuwa viatu. Nikavivua jikoni, nikazunguka uani kwa soksi, nikaingia kwa mlango wa nyuma na kufunua pazia taratibu.

Shemeji alikuwa ameshasimama pale, bega kwa bega na sanamu. Viatu vyake kavishika mkononi.

Tukatazamana. Nikamnong'oneza shikamoo. Akaitikia marahaba, akasogea kidogo kunipa nafasi.

Wasichana walizungumza vizuri sana. Mjukuu alikuwa anasimulia jambo fulani la siku ya kwanza bila rafiki yake, karibu na lango la shule. Kisha akanyamaza. Binti naye akanyamaza. Sebule nzima ikawa kimya. Kimya kirefu. Kimya kisicho cha kawaida hata kidogo.

Nikamwambia shemeji sikioni kwamba hapana shaka intaneti imekatika.

Akafikiri. Akakubali.

Tukatoka kwa mlango wa nyuma, yeye mbele, mimi nyuma, kuelekea kwenye friji.